Tuinue Zulia la Bajaji

Msomaji anayepita Darajani asubuhi, wakati samaki wa usiku wanapofika sokoni na watoto wa skuli wanapokimbilia magari, ataziona bajaji zimejipanga kando ya njia, zinang'aa kwa rangi, kwa taa za mapambo na kwa maandishi ya kila namna. Vioo vimefutwa, viti vimevishwa vitambaa vipya. Sisi tunamwomba msomaji huyo asitazame vioo wala maandishi. Ainame kidogo, ainue pembe ya zulia lililotandikwa miguuni pa dereva, atazame kilichoko chini yake. Huenda akaona bati zima lililopakwa rangi. Huenda akaona ubao. Na huenda, kama tulivyoona sisi wenyewe, akaona barabara.

Wako watakaosema kwamba safu ya uhariri ina mambo mazito zaidi ya kushughulikia kuliko ubao wa miguuni pa dereva wa bajaji. Hatubishani nao. Lakini mambo mazito ya nchi nayo huenda kazini kwa vyombo hivyo hivyo: karani wa wizara, muuguzi anayewahi zamu Mnazi Mmoja, mwalimu, mama mwenye kapu la mboga, mgeni aliyeshuka bandarini Malindi na sanduku lake. Wote huweka miguu yao juu ya sakafu moja, na katika sakafu hiyo ndimo ilimo breki. Hayo ndiyo tunayotaka kuyazungumza leo, na tunayazungumza na wenye vyombo, na mafundi, na hasa wakubwa waliokabidhiwa dhamana ya usafiri wa barabarani katika kisiwa hiki.

Bajaji haikuzaliwa kuwa gari. Asili yake ni pikipiki ndogo ya Kiitalia, Vespa, ambayo kampuni ya Piaggio ilianza kuiuza mwaka 1946. Miaka miwili baadaye, 1948, kampuni hiyo hiyo ilikitoa chombo cha miguu mitatu chenye pahala pa mzigo, ikakiita Ape, maana yake nyuki. Vespa, kwa lugha ile ile, ni nyigu. Wahindi wakavipenda vyombo vya namna hiyo. Kampuni ya Bajaj ikapata idhini ya kuvitengeneza nchini kwao, ikavikuza, ikavipeleka katika nchi za watu, na jina la ukoo wa wenye kampuni likawa jina la chombo chenyewe katika ndimi za Waswahili. Lakini asili ya pikipiki haijapotea. Dereva hashiki usukani wa duara, anashika mikono ya pikipiki; klachi na gia ziko katika mkono wake wa kushoto, na moto anautia kwa mkono wa kulia. Kitu kimoja, nacho ndicho kikubwa, hakikuwekwa mkononi. Breki iko mguuni, upande wa kulia, nayo ni pedali inayotokeza juu ya sakafu.

Tena chombo hiki hakina chesisi nzito kama ya lori. Sehemu kubwa ya nguvu yake imo katika mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa pamoja, hata sakafu yenyewe ni kiungo cha mwili wake kama ubavu ulivyo kiungo cha mwili wa mtu. Katika lori, sakafu ikioza mzigo huanguka. Katika bajaji, sakafu ikioza chombo kizima huanza kulegea, na dereva huhisi usukani unacheza asijue kwa nini.

Sasa chukua chombo hicho, kilichokunjwa mabati yake katika viwanda vilivyo mbali na pwani, ukilete Unguja. Hapa hakuna mahali palipo mbali na bahari. Kusi huleta chumvi kwa upande mmoja na kaskazi huileta kwa upande wa pili. Abiria anayetoka Paje au Nungwi huingia na mchanga mbichi miguuni. Mchuuzi wa samaki huweka ndoo yake chini, na katika kila kona maji ya barafu humwagika kidogo. Mwenye mwani naye huja na magunia yanayochuruzika maji ya bahari. Chumvi ina tabia moja mbaya, nayo ni kuvuta unyevu uliomo hewani, hata bati lenye chumvi halikauki ijapokuwa mvua haikunyesha wiki nzima. Juu yake dereva hutandika zulia kwa ajili ya usafi, na zulia hilo hufunika unyevu kama kawa linavyofunika wali. Kutu huanza pembeni, kwenye maungio, mahali ambapo rangi haikufika vizuri. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huinua rangi kutoka chini, na rangi ikiinuka maji huingia zaidi. Yote haya hufanyika gizani. Siku dereva anapohisi kisigino chake kinazama, bati limekwisha kuwa mfano wa mkate wa kumimina, lina matundu kila mahali na kilichobaki ni jina tu.

Hapo ndipo anapoitwa fundi, na hapo ndipo penye shauri letu.

Mafundi wetu wa Ng'ambo wamebuni njia nyingi za kuitia bajaji sakafu mpya. Wengine hukata bati lililooza na kuchomelea jipya. Wengine hulaza plaiwudi juu ya bati bovu na kuikaza kwa skurubu. Wako wanaotumia mbao nzima, za mvule au za msonobari unaoletwa kutoka bara. Wako pia wanaofunga mabati ya aluminiamu yenye nakshi za kuzuia utelezi, yanayopendeza macho na yanayogharimu fedha nyingi. Hatuyasemi haya kwa kejeli. Watu wa Unguja si wageni katika kazi ya kuunda mwili wa gari kwa mbao. Magari ya abiria yaliyowachukua watu Bububu, Makunduchi na Nungwi kwa miaka mingi yamekuwa malori madogo yaliyovikwa mabanda ya mbao, yenye mabenchi ubavuni na paa la kubebea mizigo, na mabanda hayo ni kazi ya maseremala wetu. Mgeni huyapiga picha. Mwenyeji huyapanda, na hayo ya mbao hayajamwangusha mara nyingi kuliko ya chuma.

Na kabla ya magari palikuwa na vyombo vya baharini. Mtu aliyepata kusafiri kwa mashua anajua kwamba mbao za kukanyagia zilizomo ndani hazipigiliwi misumari. Hulazwa tu juu ya mataruma, na maji yakizidi ngamani huinuliwa, mtu akashika upo akafua. Nahodha anataka kuliona jahazi lake kwa ndani kila siku, ajue wapi panavuja na wapi pamba ya kalafati imetoka. Ubao wa chomboni usioinuka ni ubao unaoficha. Wazee wetu walilijua jambo hili bila ya kufundishwa na mtu wa kiwanda, na inashangaza kwamba wajukuu wao, wanapotia ubao katika bajaji, huukaza kwa skurubu ishirini kisha wakagandisha zulia juu yake kwa gundi.

Tutaeleza sasa kisa kilichotufanya tushike kalamu. Tulipanda bajaji Darajani siku moja ya masika, tukienda Mwanakwerekwe. Dereva alikuwa kijana mwenye adabu, anayekwenda taratibu, na chombo chake kilikuwa safi kuliko vingi. Tulipofika mzunguko wa Michenzani, rikwama lililojaa madafu lilikata mbele yetu. Kijana akakanyaga breki. Tulisikia mlio mmoja mkavu, kama wa mtu aliyegonga mlango kwa fundo la kidole, na chombo kikapunguza mwendo kidogo kisha kikaendelea. Akakanyaga tena, mlio ule ule. Mara ya tatu akavuta breki ya mkono, tukaligusa rikwama kwa pembe, madafu matatu yakaviringika njiani, na mwenye rikwama akatutolea maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Hakuna aliyeumia. Madafu yalilipwa, na watu waliokusanyika wakatawanyika kwa kukosa la kutazama.

Kijana aliapa kwamba breki zake ni nzima, na wala hakuwa akisema uongo. Tulimwomba ainue zulia. Chini yake palikuwa na ubao mpana wa inchi moja, mzuri, uliopigwa randa sawasawa, ambao fundi mmoja aliutia miezi kadhaa kabla ya siku ile. Mahali ubao ulipokuwa chini ya pedali palikuwa na kijishimo laini, cheusi kwa oili, ukubwa wake kama ncha ya kidole gumba. Pedali ilikuwa imekwisha kuugonga ubao ule mara nyingi sana kabla ya kuligusa rikwama la madafu.

Inafaa ieleweke barabara jambo hili lilivyotokea, maana ndani yake hamna uzembe wa wazi. Siku fundi alipomaliza kazi yake, shuu za breki, yaani vile vipande vinavyosugua ndani ya gurudumu, zilikuwa bado nene. Pedali ilikuwa ikishuka nusu tu ya safari yake na breki inashika. Nusu iliyobaki ilionekana kama uwanja usio na mwenyewe, na fundi akaujenga. Kumbe uwanja ule ulikuwa na mwenyewe. Shuu zinapolika, pedali hushuka zaidi kabla breki haijashika. Mafuta ya breki yakipungua, hushuka zaidi tena. Hewa ikiingia katika mrija, hushuka karibu mpaka mwisho, na hapo dereva hukanyaga mara mbili na mara tatu ili kuipandisha. Nafasi ile ya chini ya pedali ni akiba iliyowekwa na watengenezaji kwa ajili ya siku mbaya, na ubao wa inchi moja uliila akiba hiyo siku njema, wakati hakuna aliyeihitaji.

Kwa hiyo kosa hili halionekani gereji. Halionekani wiki ya kwanza wala mwezi wa kwanza. Dereva huondoka ameridhika, mwenye chombo hulipa kwa moyo mweupe, na fundi hupata sifa kwa kazi safi. Lakini kila siku inayopita shuu hupungua unene wa karatasi, na pedali husogea kuuendea ubao. Siku inapoufikia, breki ya chombo kizima huwa ni ile nguvu iliyokwisha kupatikana kabla ya mgongano wa chuma na mti. Hata dereva akisimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili hapati zaidi.

Basi je, mbao zipigwe marufuku? Tunajua kwamba wako maofisa ambao wakisikia neno hatari, mkono wao hukimbilia muhuri wa marufuku. Tunawasihi wauzuie mkono huo. Bati lenye matundu ni baya kuliko ubao, na mtu aliyekatazwa ubao hatakwenda kununua bajaji mpya. Ataongeza zulia la pili juu ya lile la kwanza. Kinachotakiwa ni kwamba kazi ifanywe kwa kanuni inayojulikana, na kanuni yenyewe si ngumu. Mafundi kadhaa wa kisiwa hiki wanaifuata tayari bila ya kuamrishwa na mtu.

Mafundi hao huanza na chuma. Bati lililooza hukatwa mpaka patokee chuma kizima kinacholia kwa nyundo, kisha kiraka cha bati la unene ule ule huchomelewa, na uangalifu mkubwa huwekwa mbele, pale sakafu inapokutana na nguzo ya usukani na gurudumu. Hapo hapataki ubao wala gundi. Ubao hauwezi kuwa ubavu wa chombo. Kazi yake ni kukanyagwa tu. Baada ya kuchomelea, rangi ya kuzuia kutu hupakwa juu na chini, nayo huachwa ikauke kweli kweli, si kwa kupulizwa na feni nusu saa kwa kuwa dereva ana haraka ya kurudi kazini.

Chini ya pedali hawaweki ubao kabisa. Ubao huishia kando, na eneo la mguu wa kulia hubaki bati tupu au hupewa mpira mwembamba uliokatwa kulifuata. Na kabla ya kulikabidhi, fundi mwenye kuijua kazi hulegeza skurubu ndogo ya kutolea hewa iliyoko gurudumuni, akaiacha pedali ishuke mpaka mwisho wake kabisa, mahali ambapo katika siku za kawaida haifiki. Hapo ndipo anapopima. Kama kidole kinapita baina ya pedali na sakafu, kazi imekubalika. Kisha hutoa hewa, hujaza mafuta na kukaza. Kipimo hiki hakigharimu kitu isipokuwa muda na mafuta kidogo ya breki, na laiti kingefanywa kwa bajaji ile ya Michenzani, madafu yangefika salama.

Uzito nao si wa kupuuzwa. Ubao wa mvule wenye unene wa inchi moja, ukienea mita moja ya mraba, huwa na kilo zisizopungua 15. Plaiwudi ya milimita 12 kwa eneo hilo hilo haizidi sana kilo 7. Bajaji ina injini ndogo ya takriban sentimita za ujazo 200 na magurudumu ya inchi nane, na mzigo wa bure unaozunguka nayo mchana kutwa hulipwa na dereva katika petroli na katika hizo hizo shuu za breki.

Yako mengine madogo ambayo tumejifunza kwa kuuliza, na tunayataja kwa sababu hayajulikani na wengi. Mbao za msonobari zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa mara nyingi huwa na shaba ndani ya dawa hiyo, na shaba ikikutana na chuma kitupu penye unyevu huharakisha kutu. Kwa hiyo ubao wa dawa haufai kulazwa juu ya bati bila ya rangi nzuri na vipande vya mpira wa tairi kuukuu katikati, ili hewa ipite na maji yatoke. Aluminiamu nayo ikifungwa moja kwa moja juu ya chuma katika mji wa chumvi kama huu, huliwa yenyewe kuanzia kwenye matundu ya bolti, na mwenye kuinunua kwa bei kubwa hushangaa kuona unga mweupe. Mpira ule ule wa tairi humwokoa. Ama oili chafu, ambayo wengine huipaka kwenye ubao ili usioze, hiyo hatuikubali kabisa ndani ya bajaji. Mtu mwenye kandambili zilizolowa, juu ya ubao wenye oili, akitafuta pedali kwa haraka, mguu wake utafika popote isipokuwa pale anapoutaka.

Na vichwa vya skurubu vizamishwe ndani ya ubao. Akina mama wanaovaa buibui wanajua tunasema nini. Upindo ukinasa katika kichwa cha skurubu wakati wa kushuka, na gari la nyuma linapiga honi, mtu huanguka na uso barabarani, na lawama humwendea dereva aliyeondoa chombo mapema.

Zile pikipiki za miguu mitatu za kubebea mizigo, ambazo wengi huziita guta, shauri lake ni jepesi kidogo kwa sababu ubao wake uko nyuma, mbali na breki, na chini yake kuna fremu ya chuma inayojitegemea. Huko ubao ni wa haki. Mawe, saruji na makreti hutoboa bati jembamba upesi sana. Linalotakiwa ni kuacha nafasi ya upana wa kidole baina ya ubao na ubao ili maji ya samaki na ya mwani yatoke, na kukumbuka kwamba pahala pa mzigo penye urefu wa mita 1.8 na upana wa mita 1.3, pakitandikwa mvule wa inchi moja, pamekwisha kubeba karibu kilo 40 kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kupakiwa. Hatusemi zaidi juu yake.

Tunarudi kwa dereva wa bajaji, kwa sababu aghalabu chombo si chake. Ama anampelekea tajiri hesabu kila jioni, ama yumo katika mkataba wa kulipa kidogo kidogo mpaka chombo kiwe chake. Mwenye hesabu hana sababu ya kuitengeneza sakafu ya mtu mwingine kwa fedha zake. Tajiri naye hapandi bajaji yake, anaiona usiku tu, imesimama, zulia limetandikwa. Mwenye mkataba anaogopa kupoteza siku mbili gereji, maana siku mbili bila ya kazi ni deni. Ndiyo maana fundi anaambiwa aimalize kazi kwa saa mbili, na fundi anayeambiwa hivyo hana pa kukata bati wala pa kungoja rangi ikauke. Analaza ubao. Ukimlaumu yeye peke yake umelaumu mkono ukaacha kichwa.

Kwa hiyo maneno yetu ya kwanza ni kwa matajiri wenye vyombo. Ukarabati wa sakafu ni gharama ya mwenye mali, na siku za gereji zisiwe na hesabu. Sharti hilo liandikwe katika mapatano tangu siku ya kukabidhiana ufunguo. Hili halihitaji serikali.

Kwa upande wa serikali tunaomba mambo yaliyo katika uwezo wake wa leo. Mkaguzi wa vyombo anapoitazama taa, honi na bima, aongeze tendo moja: ainue zulia, na aikanyage pedali kwa nguvu huku dereva akiwa pembeni. Zulia lisiloinuka lihesabiwe kuwa ni kosa, sawa na taa isiyowaka. Kazi hii haichukui dakika tatu. Tunaomba pia, na tunaliomba kwa mkazo, isije ikageuzwa kuwa ada mpya yenye stakabadhi yake, kwani dereva akijua kwamba kuinuliwa zulia ni kutozwa fedha, mazulia yote ya mji yatagandishwa kwa gundi kabla ya mwisho wa mwezi.

Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, ina wataalamu wa kuweza kuandika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wenye mchoro wa sakafu ya bajaji na vipimo vyake: ubao uishie wapi, unene usizidi kiasi gani, nafasi ya pedali iwe ngapi, bolti ziwe ngapi ili sakafu iweze kufunguliwa kwa spana moja. Ukurasa mmoja, tunarudia, si kitabu. Ubandikwe katika kila gereji kama unavyobandikwa msimamo wa ligi. Na vituo vya mafunzo ya amali vilivyoko Mwanakwerekwe na Mkokotoni, ambavyo vijana wetu hujifunza useremala na ufundi wa magari kila mmoja katika darasa lake, vingefanya jambo la maana kama vingewakutanisha seremala na fundi magari kwa wiki moja juu ya bajaji moja mbovu. Seremala anaijua mbao na haijui breki. Fundi magari anaijua breki na anaidharau mbao. Sakafu ya bajaji ni mali ya wote wawili.

Wauzaji wa bajaji mpya nao wangeweza kusaidia kwa gharama ndogo kwa kupaka nta au rangi nzito chini ya sakafu kabla chombo hakijagusa barabara ya Unguja. Wanunuzi na wawadai. Na madereva, ambao wengi wao huosha bajaji kila jioni kwa ndoo mbili za maji kuanzia paa mpaka magurudumu, wangalianza na sakafu, zulia likatolewa na kuanikwa juu ya kiti, chombo kilale wazi usiku. Tunajua shida ya maji katika mitaa yetu, na hatumwombi mtu ndoo ya tatu. Ndoo ya kwanza ndiyo iende chini.

Ubao wa bajaji ile ya Michenzani kijana aliung'oa siku ile ile, akaukata kuufuata mguu wake wa kulia, na kipande kilichobaki akatupa sisi. Kiko ofisini kwetu, juu ya kabati la magazeti ya zamani. Afisa yeyote anayependa kukiona na aje saa za kazi. Alama ya pedali ipo bado, na oili yake haijakauka.